Mteja alisaini bila kusoma, dai lake limekataliwa. Kosa ni la nani?

Wakuu, naombeni ushauri, hili jambo linaninyima usingizi.

Nauza bima. Miezi mitano iliyopita nilimwandikisha mama mmoja bima ya matibabu. Nilimweleza faida, naye akasema, "Mwanangu, unayejua ni wewe, nionyeshe tu pa kusaini." Nikamwonyesha. Sasa kalazwa kwa ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, na dai limekataliwa: ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba haulipiwi mwaka wa kwanza. Kipengele kipo, ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo. Bosi anasema kusoma ni wajibu wa mteja. Mimi naona nimemtupa.

Kitasa: Pole mkuu. Bima husimama kwa uaminifu wa pande zote mbili. Mteja ataje magonjwa yake, kampuni itaje mipaka ya kinga. Fomu ilimuuliza kuhusu magonjwa ya zamani?

Mleta uzi: Iliuliza. Nilimjazia mimi, na swali hilo nikalipita haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Mama Wawili: Basi sehemu yako ndiyo hiyo, ikubali. Lakini si yote. Unalipwa kamisheni kwa idadi ya wanaosaini?

Mleta uzi: Ndiyo dada, na kila mwezi kuna lengo la kufikia.

Mama Wawili: Aliyepanga malipo hayo naye amo. Ukikaa na mteja nusu saa unapoteza pesa, sasa nani atakaa?

Mzee wa Hoja: Viatu mtu huvijaribu kabla ya kulipa. Bima huijui mpaka siku ya kuugua, ndiyo maana "angesoma" haitoshi. Rais Kennedy wa Marekani aliitaja haki ya mlaji kupewa taarifa alipoliandikia Bunge la nchi yake tarehe 15 Machi 1962, pamoja na haki ya kusikilizwa. Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya kumlinda mlaji mwaka 1985. Kumkabidhi mtu kurasa kumi na kalamu si kumpa taarifa.

Kitasa: Cha kufanya: andika maelezo ya kweli jinsi fomu ilivyojazwa, weka tarehe, ubaki na nakala. Msaidie kukata rufaa ndani ya kampuni kwanza, wakikataa apeleke kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Usimwahidi kwamba atalipwa.

Mleta uzi: Bosi akinigeuka?

Mama Wawili: Anaweza, sikufichi. Ila yule mama hana shahidi mwingine.

Mleta uzi: Maelezo nimeshaandika. Kesho naenda wodini kumsomea yote kabla sijayapeleka, na swali lile la magonjwa nitamuuliza upya.