Wauza dainamo za baiskeli Mombasa, acheni kutuuzia giza!

Wadau, haya mambo yamezidi. Ingia duka lolote la spea kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea, ulizia taa za dainamo. Unatolewa boksi lenye dainamo ya kusugua tairi, taa ya mbele, taa ndogo ya nyuma na waya mwembamba usio na maana, unaambiwa "seti kamili, orijino". Ikishafungwa, globu ya mbele inaungua upesi. Mteja akirudi anauziwa nyingine, nayo inaungua. Halafu analaumiwa eti anakimbiza baiskeli sana!

Kosa liko kwenye hesabu. Chukua globu uisome kwenye kola yake ya shaba, pale imepigwa maandishi madogo: 6V 2.4W. Sasa soma tumbo la dainamo: 6V 3W. Wati 3 hizo zimegawanywa makusudi, 2.4 za mbele na 0.6 za nyuma. Dainamo haifanyi kazi kama betri. Ikishika mwendo inasukuma takriban nusu ampea, taa zikihitaji zisihitaji. Globu ya mbele inakula 0.4, ya nyuma 0.1. Ya nyuma ikiungua, au waya wake ukikatika, au mtu akiuziwa taa ya mbele peke yake, ile nusu ampea yote inapita mbele. Ndiyo maana zinakufa zikifuatana. Anayetaka taa ya mbele tu auziwe globu ya 6V 3W. Muuzaji anatakiwa kuuliza swali moja tu, "Utafunga na ya nyuma?", na hawaulizi!

Kuna pia dainamo za 12V 6W, hizi zimejaa madukani. Globu zake lazima zisomeke 12V, na wati za mbele na nyuma zikijumlishwa zifike 6. Kumpa mtu globu ya volti 6 kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye droo ni kumwibia.

Za LED ndiyo balaa zaidi. Umeme wa dainamo ni mkondo geu, yaani unageuza mwelekeo kila mara. Taa ya LED ya dainamo ina dayodi ndani za kuunyoosha uende upande mmoja, na nzuri ina kapasita inayohifadhi umeme kidogo, inayoiacha iwake kidogo ukisimama. LED iliyotolewa kwenye tochi, au ya pikipiki ya volti 12, haina maandalizi hayo ya mkondo geu. Itapepesa, itafifia au itaungua. Tafuta alama ya ~, ya mkondo geu, karibu na 6V. Haipo? Rudisha.

Mafundi nao wasijifiche. Pwani hii mnafunga taa kwa waya mmoja, njia ya umeme kurudi mnaiachia fremu. Kwenye bano la dainamo, kile kibanio cha kuifunga kwenye baiskeli, kuna skrubu yenye ncha, inatoboa rangi ili iguse chuma. Ifungueni baada ya masika muone: ncha imevaa unga mwekundu wa kutu na rangi iliyoizunguka imeinuka. Hapo umeme haupiti vizuri, taa inawaka na kuzima kila ukipita shimo, na mteja anaambiwa dainamo imekufa. Haijafa! Vuteni waya wa pili, wa shaba wa nyuzi nyingi, 0.75 mm² unatosha, kutoka mwili wa dainamo hadi kwenye kila taa. Viungio vitiwe lehemu, vipakwe grisi, vifungwe tepu. Hewa ya chumvi haina huruma na waya uliosokotwa kwa vidole.

Na ufungaji wenyewe: mstari wa katikati ya dainamo uelekee katikati ya ekseli ya gurudumu. Ukipinda kidogo tu, rola, kile kichwa kinachosugua tairi, inasaga tairi, utaona vumbi jeusi kwenye bano, halafu nyuzi zinatokeza. Rola ishike ubavu wa tairi, isiguse rimu. Ukifunga kwenye foku ya mbele, weka washa (ringi) ya springi na ukaze sawasawa. Bano likilegea, dainamo inazunguka na kuingia kwenye spoku, gurudumu la mbele linasimama ghafla. Fikiria hilo Changamwe usiku, trela liko nyuma yako.

Mvua za Mei rola inateleza, hakuna springi itakayoponya hilo kabisa. Anayeendesha usiku kila siku atafute habu ya dainamo, yaani kitovu cha gurudumu chenye dainamo ndani yake. Zinakuja na baiskeli za mitumba kutoka Ujerumani, ambako hadi 2013 sheria ilidai taa za dainamo. Lakini wauza mitumba wanakata nyaya na kung'oa taa wauze mbalimbali! Mnakata nini? Habu, taa na waya ni kitu kimoja, viacheni pamoja.

Kwa baiskeli ya Black Mamba, hesabu matundu ya spoku: habu ya mbele kwa kawaida ni 32, za dainamo nyingi ni 32 au 36. Upana wa habu hizo ni mm 100, foku ya Black Mamba ni nyembamba zaidi, na ekseli ni nene, kwa hiyo foku itapanuliwa na mdomo wake upigwe tupa. Spoku za zamani zitakuwa ndefu, zitatoboa tyubu, nunua fupi. Fundi asiifungue habu kutia grisi: ndani kuna waya mwembamba unaopita kwenye ekseli, ukikatika basi. Na kabla ya kutoa gurudumu, chomoa plagi kwanza.

Dukani usilipe kabla ya kuzungusha rola kwa vidole. Utahisi sumaku ikishika na kuachia, hiyo ni sawa. Rola ikicheza kushoto kulia, bushi inayoshika ekseli yake imeisha. Usikubali kupimiwa kwa mita bila globu, kwa sababu bila mzigo volti zinapanda ovyo na hazikuambii kitu.

Aliyefungiwa taa zikamshinda aweke hapa chini yaliyoandikwa kwenye dainamo, kwenye kola za globu zote mbili, na kama amefungiwa waya mmoja au mbili. Tutamwambia kosa liko wapi.