Fedha za bumu (posho ya kujikimu ya mwanafunzi) zinajadiliwa bungeni mwanafunzi ameshafika mwaka wa tatu

Wakuu wa Moshi na Arusha, mikopo ya elimu ya juu na Samia Skolashipu (ufadhili wa Serikali kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi) ni kodi zetu, na ukaguzi wa Bunge juu ya fedha hizi unachelewa mpaka haumsaidii aliyeko chuoni. Inakera!

Pigeni hesabu. Mwaka wa fedha 2021/22 ulifungwa 30 Juni 2022. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikatua bungeni Aprili 2023, kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba. Ikajadiliwa lini? Novemba 2023! Katikati hapo bajeti mpya ya Wizara ya Elimu ilishapitishwa. Yaani wabunge wanaidhinisha fedha nyingine kabla hawajahoji za nyuma zilikwendaje. Aliyekosa bumu Novemba 2021 akiwa mwaka wa kwanza, siku ya mjadala yuko mwaka wa tatu.

Halafu wakati wa bajeti tunasomewa jumla: wanafunzi kadhaa wamepangiwa, bilioni kadhaa zimetengwa. Kupangiwa siyo kulipwa! Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya mtihani wa kidato cha nne, malipo yanakwama. Jina la akaunti lisipofanana na la cheti, yanakwama. Chuo kikichelewesha matokeo, wanaoendelea na masomo wanasubiri. Na aliyeahirisha mwaka, jina lisipoondolewa mapema, ada yake inaingia kwenye akaunti ya chuo wakati yeye yuko nyumbani. Hapa ndipo pa kubana hasa, maana fedha hiyo isiporudishwa upesi hakuna anayeiulizia mpaka mkaguzi apite.

Tunachodai ni jedwali la kila robo mwaka, chuo kwa chuo: waliopangiwa, waliosajiliwa, waliosaini malipo, kiasi kilichotumwa na tarehe yake, tarehe mwanafunzi alipopokea, kiasi kilichorudishwa. Tarehe hizo mbili zisiachwe, ndizo zinazoonyesha nani kachelewesha. Kamati ya Elimu ya Bunge iwe nalo mkononi kabla bajeti haijasomwa, na liwekwe hadharani bila majina ya wanafunzi.

Bumu la siku 60 kwa 10,000 kwa siku ni 600,000. Mwenye nyumba wa Rau au Longuo hapa Moshi hawezi kusubiri kodi mpaka PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, wakae Dodoma.

Anayejua mbunge wa kanda yetu aliyemo Kamati ya Elimu aseme hapa, tumpelekee muundo wa jedwali kabla ya Aprili.