Kunakili bure hati za Kilimanjaro zilizoko Ujerumani: tukubali au tukatae?

Rau Madukani: Wakuu, nalileta hili tulijadili. Hati za wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro 1893, zimehifadhiwa Halle, Ujerumani. Siku hizi hifadhi nyingi za nje zinaweka picha za hati mtandaoni na kuomba watu wa kujitolea wayanakili maandishi kwa kuyachapa mstari kwa mstari, ili maneno yaweze kutafutwa. Zikituomba sisi, msimamo wangu ni tukatae. Waliandika habari za babu zetu, wakaondoka nazo, leo tuwachapie bure kwa bando letu? Walipe.

Kijenge Juu: Mnaanza na malipo, mwandiko wenyewe hamjauona. Ni ule wa Kijerumani wa zamani: e inafanana na n, u unaitofautisha na n kwa kikunjo kidogo juu yake, s ya katikati ya neno ni ndefu kama f, na kistari juu ya m au n maana yake herufi imerudiwa. Mjerumani wa leo mwenyewe hausomi mpaka ajifunze. Halafu Mchaga afanye kazi bure? Labda Kibo iote migomba.

Mama Soweto: Kijenge, hilo la mwisho ungelimeza. Na kama ni hela, heri Mchaga anakili daftari za mahesabu kuliko wewe. Kabla ya 1904 rupia moja ya koloni la Mjerumani ilikuwa pesa 64, pesa ikiwa sarafu ndogo. Baada ya hapo ikawa heller 100. Wewe ukikuta pesa 30 na pesa 58, jumla rupia 1 na pesa 24, utasema karani kakosea na kumsahihishia 88. Ukurasa umeshauharibu.

Kijenge Juu: Nani kasema nasahihisha? Mnakili anaandika anachokiona. Karani akikosea, kosa lake linabaki. Neno lisilosomeka unaweka alama ya kuuliza ndani ya mabano, lililokatwa unaonyesha limekatwa. Halafu mada ni wamisionari, rupia umezileta wewe.

Mama Soweto: Nimezileta mimi? Soma ulichoandika juu.

Ngarenaro Kwanza: 😂😂 Jamani, yote haya ya nini? AI si inasoma?

Mwalimu Kibosho: Inasoma ikishafundishwa, kijana. Programu kama Transkribus, ukitaka kuifundisha mwandiko mmoja, unaipa kwanza maneno kati ya 5,000 na 15,000 yaliyochapwa na mtu bila makosa. Mwandiko ukibadilika sana, unaongeza kurasa. Ikifika makosa ya 5% watu wanashangilia, lakini hiyo ni herufi moja katika kila 20, yaani karibu kila neno la tatu au la nne lina dosari. Na dosari hupenda majina. Mashine iliyozoea Kijerumani ikikutana na jina la ukoo wa Kibosho italivuta mpaka lifanane na neno la Kijerumani. Sasa sikilizeni: mara nyingi Wajerumani waliandika majina ya kigeni kwa herufi za kawaida za Kilatini, katikati ya ule mwandiko wao. Kwa hiyo asiyejua Kijerumani hata kidogo, ila anayajua majina ya vijiji na koo, anaweza kuyahakiki. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Ngarenaro Kwanza: Kwa hiyo bure tena.

Njiro Kona: Rau, siyo zote ziliondoka. Majalada mengi ya serikali ya Mjerumani yako Dar, Nyaraka za Taifa. Na kuna barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo maliwali na maakida waliwaandikia wakuu wa wilaya. Huko Mjerumani hakusaidii. Mara nyingi b na p ni herufi moja, f na v moja, irabu i na e alama moja, u na o alama moja, na ile n ya nd au ng mwandishi anaweza kuiacha. Ukiona k-b-d inaweza kuwa kibanda au kibada, sentensi ndiyo inaamua. Bila Mswahili aliyepita madrasa hufiki popote.

Rau Madukani: Mwalimu anasema "kazi yetu". Ya nani? Mnatisha watu bure na majina. Barua ya 1903 imeandikwa "Moschi", nani hajui ni Moshi mjini hapa? Mtoto wa darasa la nne anajua.

Mwalimu Kibosho: Huyo mtoto atakosa, na wewe pamoja naye. 1903 mji wa hapo chini haukuwepo. Reli kutoka Tanga ilifika 1911, ndipo mji ukashuka. Kabla ya hapo "Moschi" ni Old Moshi, juu kule alikonyongwa Mangi Meli, mtawala wa huko, 1900. Kwenye nakala unaandika "Moschi" kama ilivyo, na maelezo ya mahali unaweka kwenye sehemu ya maelezo. Usiyachanganye na maandishi ya barua.

Mama Soweto: Na "Aruscha" hivyo hivyo. Inaweza kuwa Arusha Chini, upande wa mashamba ya miwa ya TPC. Tazama barua inataja mto gani, safari ya siku ngapi. Siyo kila Arusha ni yenu, Kijenge.

Kijenge Juu: Ooh, sasa mmetuchukulia na jina! Wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa 1896 Akeri, Meru. Meru iko wapi, Marangu? Msijifanye hati zote za Leipzig ni za Wachaga.

Mama Soweto: Hakuna aliyesema hivyo. Ila Waarusha wenyewe walitoka Arusha Chini karne ya 19, wakapanda Meru. Waulize wazee.

Kijenge Juu: Wazee nitawauliza, wewe usinifundishe ukoo wangu.

Njiro Kona: Turudi kidogo. Maktaba ya Bunge la Marekani inafanya hivi tangu 2018: mmoja ananakili, mwingine anahakiki, huruhusiwi kuhakiki ya kwako, na matokeo ni ya kila mtu, hayana haki miliki. Sisi tudai hivyo. Na tudai picha zije na nakala, siyo maandishi matupu, maana bila picha huwezi kumkamata aliyekosea. Kwenye bando, fungua picha kubwa mara moja, ihifadhi, nakili ukiwa nje ya mtandao, kisha pandisha maandishi peke yake. Simu ndogo haifai: ukikuza mwandiko mpaka usomeke, mstari wote hauonekani.

Rau Madukani: Hapo sawa. Kopi moja ya kila kitu ikae Moshi, hela waache.

Kijenge Juu: Moshi kwa nini? Arusha.

Mama Soweto: Chini au Juu?