Naomba ushauri: huyu dogo atadumu au ni wa ngoma moja?

Wakuu, habari za mihangaiko. Nina ukumbi mdogo hapa Morogoro na nataka kumleta dogo mmoja ambaye ngoma yake sasa hivi inapigwa kila bajaji. Meneja wake anataka nusu ya pesa leo, shoo ni Desemba. Je, Desemba watu watakuwa bado wana habari naye?

Juzi nilienda kumwona jukwaani. Ile ngoma kaiimba mara mbili, ukumbi ukalipuka. Wimbo uliofuata akaanza kuchungulia maneno kwenye simu, watu wakarudi mezani kumalizia nyama choma. Moyo ukaingia ubaridi.

Ila naogopa kumhukumu mapema. Los del Río, wale waimbaji wawili wa Hispania, walikaa namba moja Marekani wiki 14 mwaka 1996 na "Macarena", basi, kileleni hawakurudi tena. Naona kilichobeba ni ule uchezaji kuliko waimbaji wenyewe. Radiohead, bendi ya Uingereza, nao walidhaniwa wa "Creep" tu, mwaka 1997 wakashusha albamu kali ya OK Computer. Na bendi ya a-ha, ambao Wamarekani wengi wanawajua kwa "Take On Me", kwao Norway ni wakongwe wa heshima.

Mliowahi kuandaa shoo, huwa mnaangalia nini? Watazamaji wa YouTube siwaamini sana. Nimefikiria kumpa robo tu, iliyobaki siku ya shoo, lakini meneja ni mkali kama pilipili na anataka jibu Ijumaa.