Video ya HDR inapauka kwenye projekta na TV za kawaida: naomba ushauri wa kuigeuza SDR

Picha_Ukumbini:
Wakuu, habari za kazi. Nina klipu za harusi zilizopigwa kwa iPhone 13, 4K, fremu 30 kwa sekunde, HDR (video ya mwangaza na rangi pana) ikiwa imewashwa. Kwenye simu zinapendeza kabisa. Kwenye projekta ya ukumbi na TV ya zamani rangi zimepauka na nyuso zimeingia ukijivu. Nimezipitisha kwenye ffmpeg (programu ya kugeuza video kwa amri) kwa `-pix_fmt yuv420p`, zikakubali kucheza lakini mpauko uko palepale. Nahitaji faili la H.264, 1080p, la kuweka kwenye flashi. Gauni la bibi harusi lisiungue, lesi ionekane.

Fundi_Fremu:
Mkuu, hiyo `-pix_fmt` imeshusha biti kutoka 10 hadi 8, basi. Namba za rangi zimebaki za BT.2020 (kipimo cha rangi cha HDR), na TV inazisoma kana kwamba ni BT.709 (kile cha TV za kawaida). Eneo la rangi la BT.2020 ni pana, hivyo nyekundu ile ile ya shada la maua humo haikai karibu na ukingo kama inavyokaa kwenye BT.709. Ukiisoma kwa kipimo kidogo inatoka hafifu. Huo ndio mpauko unaouona.

Kabla ya kugusa chochote, uliza faili lenyewe:

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_transfer,color_primaries,color_space harusi.mov`

Ukiona `arib-std-b67` hiyo ni HLG (njia moja ya kuandika mwangaza wa HDR), na klipu za iPhone ndivyo zinavyokuja hata zikiitwa Dolby Vision (aina ya HDR). Ukiona `smpte2084` hiyo ni PQ, njia nyingine, ambayo mizani yake inafika niti 10,000 (niti ni kipimo cha mwangaza). SDR (video ya kawaida isiyo HDR) imejengwa juu ya niti 100 hivi, kwa hiyo lazima mwangaza ukandamizwe kwa mpangilio, na rangi zihamishwe. Amri ni hii:

`ffmpeg -i harusi.mov -vf "scale=1920:-2,zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=tonemap=mobius:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv:dither=error_diffusion,format=yuv420p" -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -crf 18 -preset slow -colorspace bt709 -color_primaries bt709 -color_trc bt709 -c:a aac -b:a 192k harusi_sdr.mp4`

Mpangilio usiuvuruge. Mwangaza unanyooshwa kwanza uwe wa mstari (`linear`), kwa sababu hesabu za kukandamiza zikifanywa juu ya namba zilizopindishwa na HLG zinaharibu rangi za ngozi. `gbrpf32le` ni namba za desimali za biti 32, zinazobeba thamani zilizozidi 1 bila kuzikata. Ni nzito: fremu moja ya 4K inakula karibu megabaiti 100 za kumbukumbu, ndiyo maana nimetanguliza kupunguza ukubwa. `dither` inazuia michirizi kwenye anga na kwenye kuta zenye taa za rangi, maana unashuka hadi biti 8.

Klipu zikiwa za fremu 60, badili `level` iwe 4.2. TV nyingine inakataa faili kwa hilo tu.

BintiMontaji:
Naunga mkono `mobius` kwa harusi, hiyo kanuni ya kukandamiza mwangaza kwenye `tonemap`. Maelekezo mengi mtandaoni yanakupa kanuni ya `hable`, na watu wanashangaa video kuwa na giza. Chukua kitambaa cheupe kwenye HLG, yaani asilimia 75 ya ishara, sawa na niti 203. Kwa `npl=100` (niti zinazohesabiwa kuwa nyeupe ya SDR), `hable` inakishusha chini zaidi ya `mobius`. Gauni lililoshushwa hivyo kwenye projekta iliyochoka linaonekana kama limefuliwa na nguo za rangi. Tofauti ya nyuso ni kubwa zaidi: kijivu cha kati kinatoka na giza zaidi kwa `hable` kuliko kwa `mobius`.

`hable` ina faida yake pale penye mwanga mkali mno, kama fataki au dirisha nyuma ya mtu, kwa kuwa inalinda maelezo ya juu. Kama lesi inapotea kwenye klipu zilizopigwa juani, usibadilishe kanuni kwanza. Pandisha `npl` hadi 130 au 150, picha itashuka kidogo na lesi itarudi.

Usigeuze saa nzima ndipo utazame. Weka `-ss 00:02:00 -t 10` kabla ya `-i`, toa sekunde kumi zenye gauni, uso na taa pamoja, kisha zipeleke kwenye projekta yenyewe.

Picha_Ukumbini:
Asanteni sana, ndugu zangu. Klipu za simu zimekubali, lesi inaonekana hadi mishono. Kuna klipu moja nimetumiwa na mpiga picha mwenzangu, imepita kwenye programu nyingine ya kuhariri. Inagoma na kuandika `code 3074: no path between colorspaces`. Na kompyuta ya ofisini inasema `No such filter: 'zscale'`.

Fundi_Fremu:
La pili ni rahisi. Hiyo ffmpeg imejengwa bila maktaba ya zimg. Tafuta toleo kamili, kisha hakikisha kwa `ffmpeg -filters` kwamba `zscale` imo.

La kwanza: programu ile imefuta lebo za rangi, `zscale` haijui inatoka wapi. Iambie mwenyewe kwenye hatua ya kwanza: `zscale=tin=arib-std-b67:pin=bt2020:min=bt2020nc:rin=tv:t=linear:npl=100`. Ila muulize mwenzako kwanza kama alitoa HLG au PQ (kwa PQ weka `tin=smpte2084`). Ukikosea hapo amri haitalalamika; itakupa picha mbovu kimyakimya, na utaanza kulaumu `tonemap` bure.

Kadi_ya_Grafiki:
Naongeza la PQ. Faili likibeba lebo ya kilele cha niti 4000, `tonemap` inaisoma kama `peak=40` na kutenga nafasi ya mwanga ambao pengine haumo kabisa kwenye klipu. Kwa `hable` matokeo yake ni giza. Andika `tonemap=tonemap=mobius:peak=10:desat=0`, maana yake kilele ni niti 1000, ulinganishe.

Na ukikutana na video yenye nyuso za kijani na zambarau, hiyo ni Dolby Vision profaili 5. Rangi zake hazikuandikwa kwa mfumo wa kawaida, `zscale` haiwezi kuzifungua. Hapo tumia kichujio cha `libplacebo`, kinachohitaji kadi ya grafiki yenye Vulkan (mfumo wa programu kutumia kadi hiyo):

`-vf "libplacebo=w=1920:h=1080:tonemapping=bt.2390:colorspace=bt709:color_primaries=bt709:color_trc=bt709:range=tv:format=yuv420p"`

BintiMontaji:
Kwa kazi zijazo, kama mteja ataangalia kwenye projekta tu, zima HDR kabla ya kupiga: Settings, Camera, Record Video, HDR Video. Simu zikiwa mbili, zima zote mbili. Moja ikibaki na HDR utaziona klipu zake zimepauka katikati ya nyingine kwenye mstari wa kuhariri, na itabidi uzigeuze hizo peke yake kabla ya kuunganisha.