Tasnifu za Kichina kuhusu TAZARA: mlio nje ya China mnazipataje?

BintiMang'ula
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naandika tasnifu ya uzamivu juu ya wale vijana 200 hivi wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea mambo ya reli. Baba yangu mdogo hakwenda, alibaki karakana ya Mang'ula, ila nimekua nikisikia habari zao kinywani mwake. Vya Kiingereza nimesoma mpaka naona vinanukuuana vyenyewe. Nataka kujua Wachina wameandika nini. Kichina changu ni HSK 4, ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina kwa wageni, cha kutembea na kamusi mkononi. Chuo chetu hakijalipia CNKI, ile kanzidata kubwa ya Wachina ya tasnifu na majarida. Nikampata dalali mtandaoni, nikamtumia elfu arobaini aniletee tasnifu moja ya uzamili. Kaniletea yaliyomo na utangulizi, zile kurasa ambazo yeyote anazisoma bure. Nikimwuliza zilizobaki ananijibu kwa picha ya ua. Mnapitia wapi?

Kipara wa Uyole
Dada pole, elfu arobaini hiyo ihesabu kama ada. Na usidhani ni sisi tu tunaolia. Wachina wenyewe walilalamikia bei za CNKI mpaka Desemba 2022 mamlaka ya soko ya kwao ikaipiga faini ya yuani milioni 87.6 kwa kuhodhi soko. Mimi ningekwambia kamalizane na wazee pale stesheni ya Mlimba, lakini najua msimamizi wako atataka tanbihi.

Mzee wa Wuhan
Binti, marahaba. Nilisoma Wuhan miaka minne, na hata ukiwa kulekule kazi hii si mteremko.

Achana na madalali kabisa. Tarehe 1 Aprili 2023 CNKI ilisitisha kwa wateja wa nje tasnifu, makala za makongamano, vitabu vya takwimu vya kila mwaka na sensa. Hata vyuo vya Ulaya na Marekani vilivyokuwa vinalipa vilikumbwa. Majarida ya kawaida hayakuwa kwenye orodha hiyo, na kwa historia majarida ndiyo yatakubeba.

Tena usianzie CNKI. Anzia NCPSSD, kanzidata ya Akademia ya Sayansi za Jamii ya China. Kujisajili bure, kupakua bure. Subira tu, ukurasa unaweza kuzunguka mpaka chai ipoe. Tafuta humo jarida la 西亚非洲, yaani Asia Magharibi na Afrika, linatoka tangu 1980.

Sasa maneno ya kutafutia, maana hapa ndipo watu wengi huchemsha. Usiandike Tanzania, halafu Zambia, halafu reli. Mchina huchukua herufi ya kwanza ya kila nchi akaziunga: 坦赞铁路, Tan-Zan tielu. Akili ileile iliyozaa jina TAZARA. Ukiongeza 援建, kujenga kwa msaada, wanakuja wanahistoria. Ukiongeza 培训, mafunzo, wanakuja vijana wako. Na chuo chao kiandike kwa jina la enzi hizo, 北方交通大学, Jiaotong ya Kaskazini. Ukiweka jina la sasa, Jiaotong ya Beijing, utamwagiwa wahandisi wa leo na treni zao za kasi.

Makala moja ikikufaa, isome kuanzia chini, kwenye tanbihi. Utakutana na nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje ya China. Hifadhi ile ilifunguliwa 2004, ikaja kubanwa miaka kama minane baadaye, kwa hiyo aliyeandika katikati hapo ameshika karatasi ambazo wewe na mimi hatuzishiki leo. Zinaishia 1965. Mkataba wa reli wa Septemba 1967 haumo, ila safari ya Mwalimu Beijing ya Februari 1965 inaangukia humo.

Na ile tasnifu? Mwombe mwenyewe aliyeiandika. Wengi huja kuichapa kama makala, na chini ya ukurasa wa kwanza pana jina la chuo anachofundisha. Ingia tovuti ya idara yake utafute baruapepe. Andika mistari mitano ya Kichina, umwite 老师, mwalimu, hata kama umemzidi umri. Akikutumia faili linaloishia na caj usidhani limeharibika, linataka programu ya CAJViewer.

Kipara wa Uyole
Mzee, miaka yote hii umekaa na haya moyoni?

Mzee wa Wuhan
Hakuna aliyeuliza.

BintiMang'ula
Narudi na mrejesho. Nilingoja bando la usiku, nikaandika 坦赞铁路 na 培训, mpaka alfajiri nilikuwa na makala tisa. Mwandishi wa tasnifu nilimpata siku ya tatu. Kajibu saa tisa usiku, kwao asubuhi, na faili kaambatisha. Ni caj kweli.

Naye kaniletea ombi. Ana picha ya mafundi sita mbele ya karakana, nyuma imeandikwa Mang'ula kwa kalamu, majina ya Wachina yapo, ya Watanzania wawili hayapo. Jana nilimpelekea baba mdogo kwenye simu. Kavaa miwani, kaikuza kwa vidole viwili, wa pili kutoka kushoto kamtaja kabla sijamaliza kuuliza. Huyo mwingine kamtazama kitambo, akasema nimrudishie kesho mchana kwenye mwanga.