Naomba visa vya kweli vya mambo yaliyoharibika jukwaani

Mwalimu wa Maigizo

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na muhula huu ninawaandaa wanafunzi kuigiza Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Ijumaa iliyopita, katika mazoezi ya kwanza mbele ya shule nzima, kijana anayeigiza mkopeshaji wa fedha alikuwa katikati ya maneno yake makali kabisa pale ndevu zake za pamba zilipobanduka upande mmoja, zikawa zinaning'inia shavuni, na kila alipovuta pumzi zikamwingia mdomoni. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Alimaliza sehemu yake bila kuruka hata neno moja, lakini baadaye nilimkuta nyuma ya pazia akilia, na tangu siku hiyo anashikilia kwamba hapandi tena jukwaani.

Ninaomba mnisaidie visa kutoka historia ya tamthilia, muziki au filamu, ambamo mambo yaliwaharibikia watu wakubwa wa sanaa mbele ya watazamaji wao. Ningependa viwe vya kuchekesha, lakini viwe vya kweli, kwa kuwa kijana huyu ni msomaji na atakwenda kuvihakiki.

Mpenzi wa Tamthilia

Mwalimu, pole kwa yaliyowapata. Kwa kuwa mnaigiza kazi ya Shakespeare, nianze na kundi lake mwenyewe. Tarehe 29 Juni 1613, katika ukumbi wa Globe jijini London, waigizaji walikuwa wakionyesha tamthilia ya Mfalme Henry wa Nane. Penye onyesho mfalme anapowasili katika karamu, ilipigwa mizinga midogo ya kumpokea kwa heshima, na kipande cha kitu kilichokuwa kikiwaka kikarukia paa, ambalo lilikuwa la kuezekwa kwa nyasi. Sir Henry Wotton, mwanadiplomasia wa Kiingereza aliyeandika habari hiyo katika barua siku chache baadaye, anaeleza kwamba watu waliuona moshi, wakaudharau, wakaendelea kutazama mchezo kwa sababu macho yao yalikuwa yamenaswa na jukwaa. Yeyote aliyewahi kuona paa la makuti likishika moto anajua kilichofuata: katika muda usiofika saa moja, jengo lote lilikuwa majivu.

Jambo la kuchekesha linakuja mwishoni mwa maelezo hayo. Wotton anasema hapakuangamia kitu isipokuwa mbao, nyasi na majoho machache yaliyoachwa na wenyewe, ila mtu mmoja alishikwa na moto kwenye suruali, na huenda angebanikwa kama si akili yake ya haraka, kwani aliuzima kwa chupa ya bia aliyokuwa nayo. Hebu mwambie kijana wako alinganishe suruali hiyo na ndevu zake za pamba.

Msikilizaji wa Opera

Mwalimu, kisa kinachomfaa zaidi kijana wako, kwa maoni yangu, ni cha mtunzi wa muziki wa Kiitalia, Gioachino Rossini, kwa sababu naye alikuwa kijana, na naye alichekwa na ukumbi mzima.

Tarehe 20 Februari 1816, katika ukumbi wa Teatro Argentina mjini Roma, Rossini, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 24, alitoa kwa mara ya kwanza opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, inayojulikana leo kama Kinyozi wa Seville. Hadithi hiyohiyo ilikwisha kutungiwa muziki mwaka 1782 na mtunzi mzee aliyeheshimiwa sana, Giovanni Paisiello, na ingawa Rossini alibadilisha jina la opera yake ili asionekane anamvunjia mzee heshima, wapenzi wa Paisiello walikuja ukumbini wakiwa tayari kuzomea. Walianza na nguo. Rossini aliingia amevaa koti la kahawia lenye vifungo vya dhahabu, na koti hilo peke yake likatosha kuwachekesha.

Kisha mambo yakafuatana. Manuel García, mwimbaji maarufu aliyekuwa akijipigia gitaa chini ya dirisha la mpenzi wake, alikatikiwa na uzi wa gitaa mbele ya watu, ikambidi aurekebishe hapohapo huku akizomewa. Mwimbaji wa besi, yaani sauti nzito, aliyeigiza Don Basilio alijikwaa alipokuwa anaingia, akaanguka kifudifudi, na akalazimika kuimba wimbo wake mkubwa, ule unaoeleza jinsi uvumi unavyoanza kama upepo mwanana na kuishia kama mzinga, huku akijifuta damu puani. Baadhi ya watazamaji walidhani ndivyo mchezo ulivyopangwa. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, waimbaji wote wakiwa jukwaani, akatokea paka. Mmoja alimfukuza upande huu, akakimbilia upande ule, akajipenyeza kati ya sketi za waimbaji wa kike, na ukumbi ukaanza kulia nyau.

Kuna sehemu moja ambayo naipenda kuliko zote. Geltrude Righetti-Giorgi, mwimbaji aliyeigiza Rosina usiku ule na ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake, anasimulia kwamba Rossini aliwapigia makofi waimbaji wake katikati ya kelele zile. Onyesho lilipomalizika, mama huyo alikwenda nyumbani kwa mtunzi ili amfariji, akamkuta amelala usingizi mzito. Usiku wa pili Rossini hakwenda ukumbini kabisa, na opera ileile, pamoja na waimbaji walewale, ikashangiliwa mno. Mpaka leo inaimbwa duniani kote, na ya Paisiello husikika mara chache tu.

Dada wa Filamu

Shikamoo Mwalimu. Kwa upande wa filamu ninakuletea kisa kifupi. Katika The Gold Rush ya mwaka 1925, Charlie Chaplin na mwenzake Mack Swain wanaigiza watu wenye njaa kali wanaochemsha kiatu na kukila, na Chaplin anazisokota kamba zake kwenye uma kama tambi. Kiatu hicho kilitengenezwa kwa urukususu, ule mzizi mtamu ambao wazee wetu wa pwani hutupa tutafune tukiwa na kikohozi. Kwa vile Chaplin hakuridhika upesi, onyesho lilirudiwa mara nyingi, nao wakalazimika kukila kiatu tena na tena, na urukususu mwingi hulainisha tumbo. Nadhani mengine unaweza kuwaachia wanafunzi wako wayakisie wenyewe.

Mwalimu wa Maigizo

Marahaba, dada yangu, na asanteni sana nyote. Leo mchana nilimwita kijana, nikamsomea habari ya Rossini neno kwa neno kama ilivyoandikwa hapa. Nilipofika kwenye paka alicheka hadi akashika meza, kisha akaniuliza kama Don Basilio aliimba mpaka mwisho. Nikamwambia ndiyo. Amekubali kuja mazoezini kesho, kwa sharti moja, kwamba ndevu zifungwe kwa uzi nyuma ya masikio badala ya gundi. Swali lake la pili limenishinda: je, ukumbi wa Globe ulijengwa tena?

Mpenzi wa Tamthilia

Ulijengwa, Mwalimu, na haraka sana. Ulifunguliwa tena mwaka 1614, safari hii ukiwa na paa la vigae. Ulioko London sasa, uliofunguliwa mwaka 1997 karibu na mahali pa ule wa zamani, uliigwa kutoka ule wa kwanza, kwa hiyo umerudishiwa paa la nyasi, ila juu yake yamefichwa mabomba ya kunyunyiza maji.